Mwaka Ambao Bi Mwanaidi Hakupokea Shikamoo

Bi Mwanaidi tulimzika Kimamba wiki iliyopita, kwenye makaburi ya ng'ambo ya reli, na watu walipotawanyika nilibaki uani na wanawake wengine tukisugua masufuria ya msibani kwa majivu na mchanga. Mtoto wa dada yangu, Salma, aliyemaliza chuo na ambaye mpaka leo hajapata kazi, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, sufuria mapajani na simu ndani ya sufuria. Alikuwa anatuma maombi ya kazi. Mama mmoja akamwambia, "We binti, hata leo? Udongo haujakauka." Salma akajibu kwa upole, "Naomba radhi, mama. Wanafunga kupokea jioni hii." Yule mama akatikisa kichwa, kisha akasema, "Basi tuma. Na mimi niombee, andika nina uzoefu wa kusugua masufuria." Tukacheka, kicheko kile cha msibani cha kujizuia. Tulipobaki wawili Salma aliniuliza, "Mama mkubwa, wewe ulipokuwa hivi, ulifanyaje usijione si kitu?" Nilimwambia nitamjibu nikitulia. Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuuzwa chini barabarani na kwa kuuliza, na nimezoea kuamini kwamba jambo likipangwa vizuri linaeleweka. Mwaka ule wa kukosa kazi nimejaribu kuupanga mara nyingi. Nikianzia upande wa juhudi unaonekana mwaka wa ushindi, na haukuwa hivyo. Nikianzia upande wa aibu unaonekana umepotea bure, na huo nao si ukweli. Nitauandika kama ulivyokwenda, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu la Salma haimo kwangu mimi, imo kwa mwanamke tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Shamba la mkonge tulilofanyia kazi lilisimamisha mashine kabla ya masika. Mimi nilikuwa brashi, chumba cha kusafishia nyuzi, ambako vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Bi Mwanaidi alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya shamba. Alikuwa amepita miaka hamsini, mwembamba, mwenye sauti isiyopanda, na kanga zake zilikuwa na mikunjo ya pasi hata siku za kazi. Hatukuwa ndugu. Tulipoambiwa turudi nyumbani tusubiri kuitwa, wengi walisubiri. Yeye aliniita kibarazani kwake akasema, "Asia, wewe unaonekana unaweza kukaa na mtu bila kugombana. Twende Mikumi. Kule kuna hoteli, na watu wa hotelini wanakula kila siku." Mtu aliyekulia Kimamba wakati ule alimjua Bi Mwanaidi kwa jambo moja kabla ya upishi wake: salamu. Mtoto akimpita bila kumwamkia aliitwa arudi, asimame, aseme shikamoo ikasikika, kisha apokelewe kwa marahaba nzito, ndefu, kama mtu anayewekewa mkono kichwani. Hakuwa mkali. Alichukulia kwamba salamu ni kitu kinachotoka kwa mmoja kinaingia kwa mwingine, na kwamba anayepokea ana wajibu wa kuonyesha kuwa kimefika.

Mikumi tulipanga chumba kwa Mama Upendo, nyuma kidogo ya barabara kuu. Kilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma ambayo hayakupigwa lipu, na kila lori lililofunga breki likielekea Iringa lilitikisa vikombe vyetu vya plastiki juu ya rafu. Dirisha lilizibwa kwa gunia la mbolea lililofuliwa likabaki na herufi zake. Nililala nikizisoma mpaka nikazijua kwa mpangilio wa kwenda na wa kurudi. Kitanda kilikuwa kimoja. Bi Mwanaidi alilala upande wa ukuta, akisema mtu mzima huamka mapema lakini hapendi kurukwa. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na jioni ugali na mchicha, au dagaa ambao yeye aliwachambua mmoja mmoja kama anapikia wageni. Ukuta uliotutenganisha na Mama Upendo haukufika kwenye bati. Tuliwasikia yeye na mumewe wakila. "Wapangaji wako wamepata?" mume aliuliza. "Bado." "Bado mpaka lini?" "Sasa mimi niwapangie Mungu?" Kisha kijiko kiligonga bakuli, na upande wetu tulitafuna taratibu ili tusisikike tunatafuna.

Nilijiwekea utaratibu, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Shati moja jeupe nililipiga pasi ya mkaa kila jioni. Nyumba za wageni za karibu na stendi nilizipitia mwanzo wa wiki, hoteli za upande wa hifadhi katikati, na mwisho wa wiki nilirudi kwa waliosema "njoo tena". Nilijifunza majina ya kazi: dobi, usafi wa vyumba, jikoni, stoo. Nilinunua kitabu kilichochakaa cha mapishi na huduma za hoteli, nusu yake Kiingereza, nikawa nasoma ukurasa mmoja kwa siku na kuuliza maneno kwa yeyote aliyeonekana ameyasoma. Kwa muda utaratibu huo ulinishika wima. Lakini siku hizi naona watu wanawaambia vijana wasio na kazi wawe na ratiba, waamke mapema, wavae vizuri, nami nakubali yote hayo, ila nataka kuongeza kwamba ratiba ina upande wake mbaya. Ukifanya kila kitu sawasawa na bado hupati, huna tena pa kusingizia. Mvivu anaweza kusema kesho nitajaribu. Mimi nilikuwa nimejaribu jana, na juzi, na shati lilikuwa safi.

Nje ya geti la hoteli kubwa palikuwa na gogo la mti ulioangushwa, na hapo ndipo watafuta kazi walikaa kuanzia mapambazuko. Aliyefika wa kwanza alikaa mwisho wa gogo ulio karibu na geti. Akienda kujisaidia aliacha jiwe mahali pake, na hakuna aliyethubutu kulisogeza, hata wale waliokuwa tayari kusingiziana mambo makubwa zaidi. Kulikuwa na kijana anaitwa Shukuru, aliyewahi kuwa utingo wa lori, ambaye kazi yake pale ilikuwa kutuchekesha. "Leo nimeota naosha sahani," alisema. "Nimeamka mikono imekauka, nikajua nimefukuzwa." Au alinigeukia mimi: "Dada Asia, hilo shati likipata kazi kabla yako utafanyaje?" Mwingine akamuuliza yeye ana cheti gani. "Cheti changu mgongo huu. Nimeulaminisha kwa jua." Bi Mwanaidi alikaa kati yetu, mkoba wake wa ukindu magotini, akicheka kwa pua. Vijana wote wa gogo walimwamkia walipofika, na aliwapokea mmoja mmoja, kwa majina, hata alipokuwa ananong'ona na mimi. Gogo lilimchukulia kama mwenye nyumba.

Siku ninayotaka kuieleza, meneja msaidizi alitoka nje mwenyewe. Kwa kawaida alimtuma mlinzi. Alikuwa kijana wa kutoka Dar es Salaam, hajafika miaka thelathini, shati limechomekewa, simu mkononi wakati ambapo simu bado ilikuwa kitu cha kutazamwa. Mlinzi akasema, "Simameni, jikoni wanataka wawili." Tukasimama, kila mtu akasema habari za asubuhi, bosi, kwa pamoja, kama darasani. Meneja hakujibu, alikuwa anabonyeza simu. Ndipo Bi Mwanaidi akatoka mstarini. Aliweka mkoba chini, akakunja magoti kidogo, ule mkunjo wa msichana mbele ya baba mkwe, akasema kwa sauti iliyosikika, "Shikamoo, bosi."

"Marahaba," akasema meneja. Hakuinua macho.

Sijui kama mtu ambaye hakukulia kwetu anaweza kuelewa uzito wa neno hilo. Kijana wa umri wa mtoto wake wa mwisho angepaswa kushtuka. Angesema, "Aa, mama, usinifanyie hivyo," angerudisha shikamoo hiyo mara mbili kwa haraka, hata kama ni tajiri, hata kama ni mkuu wa wapi. Yeye aliipokea. Mlinzi, mtu mzima mwenye mvi, aligeuka akaanza kuhangaika na kufuli lililokuwa wazi. Shukuru, ambaye hakukosa neno hata siku mvua ilipotunyeshea, alitazama ndala zake. Meneja akauliza, "Mama, umewahi kupika hotelini?" "Nimepika nyumba ya wageni miaka mingi, bosi. Wageni wa kila aina." "Jiko letu lina haraka, mama. Kuna ngazi." "Ngazi napanda." "Sawa, nitakuita." Akachagua wasichana wawili waliokuwa mwisho wa mstari, ambao hawakuwa wamefungua mdomo, wakaingia. Geti likafungwa. Bi Mwanaidi akaokota mkoba wake, akaukung'uta vumbi.

Njiani alitangulia, tofauti na kawaida yetu ya kwenda bega kwa bega. Watoto wa shule walitupita wakasema kwa pamoja, "Shikamoo bibi!" Akasema, "Hamjambo?" Nilidhani hakusikia vizuri. Kesho yake nilipomwamkia kitandani, kama kila siku, alisema, "Umeamkaje, Asia?" Siku nzima hakuna aliyepata marahaba kutoka kwake. Wala iliyofuata. Alijibu salama, alijibu hamjambo, alijibu habari za nyumbani, lakini neno lile alilokuwa akilitoa kama anayeweka mkono kichwani hakulitoa tena, na gogoni hakurudi.

Niliogopa kumuuliza. Mwishowe aliongea mwenyewe, tukichambua mchele kwenye ungo mlangoni, mchele wa vipande tuliopewa na jirani. Nilisema, kwa kumfariji, kwamba siku ile neno lilimponyoka tu. "Halikuniponyoka," alisema. "Usinipe udhuru nisiouomba. Nilikwenda nalo. Njia nzima lilikuwa mdomoni kama peremende. Nilijiambia, wale wasichana wana ujana, Shukuru ana mgongo, wewe una hilo shati na kitabu chako. Mimi nina nini ambacho wao hawana? Nina utu uzima. Basi nikautoa, labda utanunua kitu."

"Naye hakujua alichopewa," nikasema.

"Alikichukua kama anachukua chenji." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye mchele. "Sasa watoto wakiniamkia naona wananipa kitu cha mtu mwingine. Sikipokei. Nawe usimweleze mtu."

Sikumweleza mtu, na hapo shida ikapanuka. Mtu mzima kwetu asipopokea shikamoo ya mtoto, anatangaza ugomvi na nyumba ya mtoto huyo. Hakuna maana nyingine. Mama Upendo alinikamata kwenye kamba ya nguo. "Hivi mwenzio ana nini na wanangu? Upendo kaja analia, anasema bibi hanipokei. Mtoto wangu kamkosea nini?" Nikasema bibi ana mawazo. "Mawazo sote tunayo. Mimi nina mume hajaleta hela ya unga, nimemnyima nani marahaba?" Kisha akashusha sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyonitisha. "Asia, wewe sina neno nawe. Lakini majirani wameanza kuuliza yule bibi ni wa wapi, hana kazi, hana ndugu hapa, na hataki salamu za watoto. Unajua wakishaanza kuuliza hivyo wanamalizia wapi. Ongea naye. La sivyo mwezi ukiisha mniachie chumba changu." Nilijua wanamalizia wapi. Mwanamke wa makamo, mgeni, anayekaa ndani mchana kutwa: watu wana jina la haraka kwa mtu kama huyo, na likishatamkwa halifutiki kwa maelezo.

Nami nilikuwa naanguka kwa namna yangu. Nilikuwa bado natoka asubuhi, lakini niliyemwona akiongea kwenye mageti yale hakuwa mimi wa mwanzo. Nilifika nikasema, "Samahani, hamna kazi, eti?" Nikashukuru kabla ya kujibiwa. Zipo siku nilifika hadi kona ya hoteli nikageuka, nikazunguka sokoni nikitazama nyanya, nikarudi chumbani nikasema wameniambia nirudi wiki ijayo. Nililifua shati ambalo halikuchafuka. Kitabu nilikifungua ukurasa uleule. Siku moja nililala nimegeukia ukuta kutwa nzima, na nilichohisi hakikuwa huzuni. Nilihisi kwamba kama ningeondolewa pale kitandani, chumba hakingeonyesha tofauti yoyote. Salma aliposema "usijione si kitu" nililijua neno hilo kwa mwili, si kwa akili.

Bi Mwanaidi ndiye aliyenisikia. Nilikuwa najizoeza maneno yangu kwa sauti ya chini, naye alikuwa anashona kanga iliyochanika pindoni. "Rudia," akasema. Nikarudia: samahani, hamna kazi, eti? "Unauliza jibu. Unawapa mkononi, wanalisoma tu. Uliza kazi." Akaweka kanga pembeni, akakaa kitandani wima, akajifunga kilemba. "Mimi ndiye meneja. Toka nje, uingie."

Nikatoka, nikaingia. "Habari za asubuhi, bosi."

"Nzuri. Unajua nini?"

"Kufua kidogo, na usafi kidogo..."

"Kidogo kidogo ni pilipili! Toka nje!"

Nikatoka, nikaingia. "Najua kufua na kupiga pasi."

"Na ukiunguza shuka la mzungu?"

"Nitasema nimeliunguza."

"Mjinga huyu. Hatuajiri wakweli hapa, tunaajiri wasiounguza. Toka nje!"

Mara ya nne au ya tano nilikuwa nacheka mpaka nashika fremu ya mlango, naye alikuwa amejaza mashavu upepo kama mtu mwenye kitambi. Kwa muda mrefu chumba kile hakikuwa kimesikia kicheko. Upande wa pili kilisikika, kwa sababu Mama Upendo alitokea mlangoni amemshika mwanawe mkono.

"Naona leo kuna furaha," alisema. "Vizuri. Upendo, msalimie bibi."

Mtoto, wa kama miaka sita, alisema kwa woga, "Shikamoo bibi."

Kicheko kilitoweka usoni mwa Bi Mwanaidi. Alibaki ameketi vilevile, kilemba cha meneja kichwani. "Mama Upendo, mtoto hana kosa," akasema.

"Basi mpokelee, tuyamalize."

"Sina cha kupokelea."

"Huna vipi? Neno moja tu!"

Ndipo akasema, mbele ya mtoto, kwa sauti ileile isiyopanda, kwamba alimwamkia meneja wa hoteli, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto aliyembeba mgongoni, kwa ajili ya kazi ya jikoni; kwamba kijana akapokea; na kwamba kazi hakupewa. Hakuongeza kitu. Mama Upendo alimtazama, kisha akanitazama mimi kuona kama ni kweli. "Yule mwenye shati la kuchomekea? Anayekuja kununua vocha hapo dukani?" Alianza kutukana, akakumbuka mtoto, akalimeza tusi. Akaketi kizingitini. Nilitegemea aseme hilo ni jambo dogo, sahau, maisha ndivyo yalivyo, kama tunavyoambiana. Hakusema. Alikaa akichora sakafu kwa kidole, mpaka akasema, "Baba yangu alimwamkia karani wa stoo mbele yangu. Tulikwenda kuomba baba arudishwe kazini. Tulirudi kwa miguu hatujaongea, na mpaka anakufa hatukuongea habari hiyo." Kisha akamvuta mwanawe karibu. "Upendo, sikiliza. Kuanzia leo bibi usimwamkie. Mwambie habari za leo, bibi. Akiwa tayari atakwambia mwenyewe."

Mtoto akauliza, "Si nitapigwa?"

"Atakayekupiga mlete kwangu."

Ikawa hivyo, na ilikuwa vichekesho vya aina yake. Upendo alimwambia Bi Mwanaidi habari za leo kama mzee mwenzake, na wapita njia wakamkemea, "We mtoto, huna adabu?" naye akawajibu kwamba wakamuulize mama yake. Mama Upendo alieleza nyumba kwa nyumba kadiri alivyoona inafaa, bila kutaja geti wala meneja. Alisema bibi ana nadhiri. Maswali ya majirani yalipungua. Bi Mwanaidi alianza tena kukaa kibarazani mchana. Lakini neno halikurudi, na mimi niliyekuwa nimezoea kuamshwa nalo kila asubuhi nililikosa kama mtu anavyokosa chumvi.

Kazi niliipata kwenye geti lilelile. Nilisema habari za asubuhi, bosi, nikaishia hapo. Meneja aliinua macho, nadhani kwa sababu aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameongeza maneno mengi juu ya salamu. Aliniuliza najua nini. Nikasema kufua, kupiga pasi, na kupanga nguo zisichanganyike, na kwamba nimefanya brashi ya mkonge kwa hiyo siogopi kusimama kutwa. Dobi alikuwa ameacha siku hiyo. Sikuwa bora kuliko nilivyokuwa mwezi uliotangulia. Nafasi ilitokea nikiwa nimesimama pale nimeuliza vizuri. Baadaye, nikiwa chini yake, niligundua kwamba yule kijana alisema marahaba kwa kila sauti iliyomjia akiwa kwenye simu, hata kwa wapishi waliomwambia gesi imekwisha. Hakuwa katili. Hakuwa anasikiliza. Sijaamua mpaka leo kipi kinaumiza zaidi.

Jioni niliporudi na habari hiyo, Bi Mwanaidi alinipikia wali, akanipigia pasi shati kwa mikono yake, na kesho yake akaanza kufunga mkoba. "Mmoja akipata, mwenzake anageuka mgeni wake," alisema. "Mimi mgeni wako siwezi kuwa. Utaniheshimu mpaka nichoke." Kulikuwa na mtu aliyechukua kazi ya kuwapikia vibarua wa palizi kwenye shamba la mbegu kule Kilangali, na alitaka mpishi asiyeogopa moshi. Akaenda. Nilibaki na kitanda kizima, na sikulala vizuri. Hili pia nataka Salma alijue: kazi haikuniondolea hofu. Kila asubuhi niliingia chumba cha dobi nikisubiri kuambiwa sihitajiki. Nilihesabu shuka mara mbili, nikakagua pindo, nikanusa. Ile sauti ya "hamna, eti?" ilihamia kwenye mikono yangu ikakaa humo muda mrefu.

Nilipopewa siku ya kwanza ya mapumziko nilipanda gari la Kilosa, nikashuka njiani nikachukua baiskeli ya kukodi hadi Kilangali. Nilimkuta nyuma ya banda la bati, moshi umemzingira, masufuria mawili makubwa juu ya mafiga, na vibarua wamepanga foleni na sahani zao, wanaume kwa wanawake, matope hadi magotini. Hakuniona. Nikasimama kando ya banda nikasikiliza. "Shikamoo mama." "Marahaba, sogeza sahani." "Shikamoo mama, leo maharage yana nazi?" "Marahaba. Nazi umeileta wewe?" "Shikamoo, mama, niongeze ukoko." "Marahaba, ukoko wa wenye adabu." Alikuwa anapokea haraka, bila kuinua kichwa, upawa ukizama na kutoka, na kila neno lilikuwa limeshikana na chakula kiasi kwamba huwezi kujua kipi kilimfikia mtu kwanza. Nilijua kazi ile ni ya palizi tu, na palizi ilikuwa inakaribia mwisho. Alijua zaidi yangu. Hata hivyo nilichukua sahani ya bati kwenye kapu nikajipanga mwisho wa foleni, nyuma ya kijana mwenye jembe begani, na nilikuwa na wasiwasi kuliko siku yoyote ya geti. Hawa hawakuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo, nilisikia.

Zamu yangu ilipofika nikanyoosha sahani. "Shikamoo, Bi Mwanaidi."

Upawa ulisimama hewani, mchuzi ukadondoka pembeni ya sufuria ukachoma majivu. Aliinua uso. Alinitazama kwa muda, macho mekundu kwa moshi, na nyuma yangu watu wawili waliokuwa wamechelewa wakaanza kupiga sahani zao: "Mama, tunakufa huku! Huyo dada ana sahani ya dhahabu?"

"Ngojeni," akawaambia. Kisha akanimiminia maharage mpaka yakafika ukingoni. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya pisha, wenzio wana njaa."